Bei ya Chumvi

Masasi,
2 Juni

Kwa Winfrida Nikolao, mla panya wa Makote,

Sikuulizi hali. Mmakonde akiwa hai anakula, na akila ni mzima, basi. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kila nikipiga simu yako naambiwa haipatikani, na mimi nimefundisha miaka yangu yote kwa chaki na kalamu, sitaanza uzeeni kupapasa vioo. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la Newala.

Umeteuliwa. Rudia hapo, maana najua unasoma kwa kidole: umeteuliwa. Majina ya wanaokwenda kwenye Michezo ya kimataifa yametoka jana Dar es Salaam. Wewe ni mkuki wanawake, na mimi nipo kama kocha wa mitupo. Timu nzima ya taifa ina wanamichezo saba na viongozi tisa. Usishangae hesabu hiyo, ndivyo tulivyo.

Sasa masharti. Ukifika huko ughaibuni usiende jikoni kuuliza kama wana panya wa kubanika. Hati yako ya kusafiria nitaishika mimi, maana wewe hata kitambulisho cha shule ulikipoteza ukiwa umekivaa. Na mazoezi usiache, hata kama mikorosho ya nyumbani inataka kupuliziwa salfa. Mpe Mama Winfrida salamu zangu za heshima. Yeye hana kosa lolote isipokuwa kukuzaa.

Babu yangu alikuwa anapita huko kwenu akielekea Kilwa. Angekuona na hayo mabega angekufunga kamba twende, lakini najua angerudi analia. Sokoni hata bei ya chumvi usingefika.

Mwalimu wako na mtani wako,
Abdulatifu


Makote,
6 Juni

Shikamoo Mwalimu,

Nakuamkia kwa sababu ya mvi zako, si kwa sababu ya kabila lako. Barua nimeipata. Kondakta alikuwa ameshaifungua na kuwasomea abiria, kwa hiyo nilipofika stendi ya Newala watu walinipongeza kabla sijajua napongezwa kwa lipi.

Mama alilia kidogo, kisha akauliza nani atapulizia mikorosho. Mjomba Ladislaus amesema atakuja yeye. Mimi natupa kila asubuhi shambani, natumia ule mkuki wa mwanzi uliouchonga wewe. Wa chuma nimeulaza juu ya dari usije ukapinda.

Nikuambie jambo moja bila utani. Naogopa. Nikisimama pale mwanzo wa kukimbia, bega la kulia linakaza kama la mtu aliyetoka kubeba ndoo. Linalegea ukinitukana tu. Unakumbuka mashindano ya mkoa, Mtwara? Nilikuwa nimeganda kabisa mpaka ulipopiga kelele kwamba Mmakonde ukimpa mkuki anatafuta shimo la panya. Nikacheka, nikatupa, nikashinda. Kwa hiyo huko tunakokwenda usimame karibu na uzio kila raundi unitukane. Siku utakayonisifu nitajua mambo yameharibika.

Kuhusu bei yangu: nyie Wayao mliuza watu mkaambulia kanzu na maneno mengi. Kanzu zimechakaa, maneno hayajaisha mpaka leo.

Mtani wako,
Winfrida


Kijiji cha Wanamichezo,
19 Julai

Shikamoo Mwalimu,

Umefika salama? Naandika kwa mkono kama unavyopenda, halafu napiga picha namtumia Faidha, akusomee binti yako. Mbona umeondoka bila kuniaga? Jana asubuhi nimekuja kugonga mlango wako twende mazoezini, nikakuta kitanda kimetandikwa na begi halipo. Mkuu wa msafara, Bwana Fortunatus, anasema umepata dharura ya kifamilia. Ni Mama Faidha? Presha imempanda tena? Niambie ukweli, mimi si mtoto.

Nimeachiwa kocha wa mbio. Mtu mwema, lakini mkuki anaushika kama mwiko wa ugali.

Ngoja nikupe kichekesho. Juzi ulipokuwa unanisuta pale uwanja wa mazoezi, alikuwepo dada mmoja wa kujitolea, mwenyeji wa hapa, aliyejifunza Kiswahili Unguja na anakiongea vizuri sana. Jioni akaniita kwenye chumba chenye maua, pamoja na mama mmoja wa ofisi ya kulinda wanamichezo. Wakanipa juisi. Wakauliza kama wewe huniita mla panya. Nikasema ndiyo, kila siku. Wakauliza kama umewahi kusema utaniuza. Nikasema ndiyo, tangu niko kidato cha kwanza. Utaniuza wapi? Nikasema Kilwa. Kwa bei gani? Nikasema hata bei ya chumvi sifiki. Yule dada akaacha kuandika, machozi yanamlenga. Wakauliza hati yangu ya kusafiria anayo nani. Nikasema unayo wewe. Wakauliza kama naogopa. Nikasema ndiyo, naogopa sana, maana mashindano yamekaribia. Nilikuwa nacheka, lakini wao hawakucheka, nikaona aibu nikaacha. Mwisho nikatia saini kwamba niliyosema ni kweli, na kweli ni kweli.

Watu wa huku wanapenda kujua habari za watu! Nikirudi nitawasimulia Makote nzima.

Natupa tarehe 27 asubuhi. Mpe pole Mama Faidha kama anaumwa. Na nitumie matusi ya kutosha kwa karatasi, niyasome pale pale uzioni.

Winfrida


Masasi,
22 Julai

Ndugu Winfrida Nikolao,

Natumaini u mzima wa afya. Barua yako ya tarehe 19 nimeipata na nashukuru kwa kunijulia hali. Mama Faidha hajambo. Nilirudi kwa sababu za kifamilia, kama ulivyoelezwa na Mkuu wa Msafara.

Kuhusu mashindano, zingatia tuliyofundishana. Hatua za mwisho usizikimbilie. Mkono ubaki nyuma mpaka mguu wa kushoto ukanyage, ndipo kiuno kigeuke. Upepo wa huko ukiwa wa mbele, ncha ya mkuki ishushe kidogo. Kunywa maji hata kama husikii kiu.

Wewe ni mwanamichezo hodari na mwenye nidhamu, nami sina shaka kwamba utaliwakilisha vema taifa letu.

Kuhusu maswali uliyoulizwa, ulikuwa na haki ya kuyajibu ulivyoona inafaa. Sitakuuliza zaidi.

Nakutakia kila la heri.

Mwl. Abdulatifu Suleimani


Masasi,
22 Julai

Dada Winfrida,

Hii naandika mwenyewe, Baba hajui. Nimekutumia ya kwake kwanza, halafu hii.

Hapa nyumbani hakuna dharura yoyote. Baba amefukuzwa. Walimnyang'anya kitambulisho cha Michezo wakampandisha ndege peke yake. Kwenye begi lake nimekuta karatasi ya Kiingereza. Anatuhumiwa kumtishia mwanamichezo kwamba atamuuza, na kumnyima hati yake ya kusafiria. Majibu yako yameandikwa yote, na chini yake kuna saini yako. Naijua, ile W yenye mkia.

Majirani amewaambia ni presha ndiyo iliyomrudisha. Hatoki. Wasichana wake wa mitupo wanakuja uwanjani jioni kama kawaida, anatuma mtu akawaambie wapumzike. Viongozi wa riadha wameshampigia simu: Michezo ikifungwa bila uamuzi, leseni yake ya ukocha inasimamishwa, maana mtu mwenye tuhuma ya namna hiyo hawezi kuachiwa mabinti wa watu. Unamjua Baba. Wasichana wale wakiondoka, sijui ataamka asubuhi afanye nini.

Mimi sikuelewi, Dada. Ulikula kwetu miaka minne ukisoma. Kama alikuumiza, kwa nini hukumwambia Mama? Nijibu mimi, si yeye.

Faidha


Kijiji cha Wanamichezo,
24 Julai

Mdogo wangu Faidha,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, nikakaa hapo hapo nikairudia.

Sikumshtaki Baba. Waliniuliza alichosema, nikasema alichosema. Haikunijia kabisa akilini kwamba kuna mtu mzima duniani hajui utani. Wangekuuliza wewe maswali yale ungejibu vilevile, na juisi yao ungekunywa. Najilaumu hata hivyo. Niliona hawacheki. Ningejiuliza kwa nini.

Barua ya Baba ilitosha kunitia wasiwasi kabla sijasoma ya kwako. Ameniita hodari na mwenye nidhamu. Nikajua mambo yameharibika.

Nimekwenda kwa Bwana Fortunatus. Anasema nisilitie doa jina la nchi kwa kubishana na wenyeji, nitupe kwanza, faili litatufuata nyumbani na litashughulikiwa. Faidha, wewe na mimi tunajua faili linavyoshughulikiwa. Mjomba Ladislaus anafuatilia hati ya shamba lake tangu niko darasa la pili.

Kwa hiyo nimekwenda mwenyewe kwenye ile ofisi. Wale kina mama ni watu wema, na hilo ndilo linalonishinda, maana wangekuwa wabaya ningewafokea. Wanasema naweza kuongeza maelezo, lakini lazima nifike mwenyewe mbele ya kamati, na mkalimani wao, wajiridhishe kwamba hakuna aliyenitisha. Kamati inakaa mara moja tu kabla ya Michezo kufungwa. Ni tarehe 27, saa tatu asubuhi. Na sisi wa mkuki tunaingia uwanjani saa tatu hiyo hiyo.

Nimewaomba wasogeze. Nimeomba na upande wa riadha. Kila mtu amenisikitikia, na hakuna aliyesogeza kitu.

Usimwambie Baba, hata akikubana. Akijua atanipigia simu, na akinipigia nitamtii.

Dada yako,
Winfrida


Masasi,
28 Julai

Winfrida,

Faidha amenionyesha matokeo kwenye simu yake. Wenzako wote wana namba mbele ya majina yao, hata yule msichana wa nchi ile ya kisiwani aliyekuwa anatetemeka mazoezini. Wewe una neno moja: hakuanza.

Nimemuuliza Faidha kama unaumwa. Anasema hajui, na anatazama sakafu. Fortunatus hapokei simu zangu.

Basi leo siandiki kwa adabu ile ya juzi. Nimekasirika. Kwamba ulitia saini ile karatasi, hilo nililimeza. Nilijiambia labda nilizidisha. Labda miaka yote hii ulikuwa unacheka mdomoni na moyoni unaumia, na mimi mzee mjinga nikadhani tunataniana. Hujui hilo lilivyonila. Nilikuwa nahesabu maneno yote niliyowahi kukuambia, natafuta ni lipi lililokuumiza.

Lakini kutotupa? Ungetupa hata ukakanyaga mstari. Ungetupa hata mkuki ukaanguka bapa. Miaka tisa tumehangaika, tumetupa mianzi, tumeomba nauli, mama yako amelima peke yake ili wewe uje Masasi mazoezini. Ukapewa mitupo mitatu mbele ya dunia na hukuchukua hata mmoja. Kama ulitaka kunikomoa, mimi nilikuwa nimeshaondolewa. Ulikuwa unamkomoa nani?

Nijibu.

Abdulatifu


Kijiji cha Wanamichezo,
29 Julai

Shikamoo Mwalimu,

Siumwi, na sijamkomoa mtu. Wenzangu walipokuwa wanatupa, mimi nilikuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi mbele ya watu watatu, naeleza habari zako. Faidha anajua, nilimkataza kusema. Usimgombeze.

Mkalimani alikuwa Mtanzania anayeishi hapa, anaitwa Abrahamu, Mngoni wa Songea. Wakasoma majibu yangu moja moja, naye anatafsiri na uso mkavu, mpaka akafika kwenye bei ya chumvi, akashindwa, akacheka. Mwenyekiti wa kamati akamuuliza anacheka nini katika jambo zito kama hili. Abrahamu akasema, "Samahani sana. Ni kwamba babu zangu mimi waliwakimbiza babu zao wote wawili." Hapo nikacheka na mimi, na kwa mara ya kwanza wakanitazama vizuri.

Nikawaeleza nilivyoweza. Nikasema zamani watu wako waliwakamata watu wangu, ni kweli, haikuwa mchezo. Baadaye wakajikuta wanalima jirani na kuoana. Kila mwaka wangepigana au wangecheka, wakaona bora kucheka, wakaweka na sheria: mtani hakasiriki, na kukiwa na msiba mtani anakuja wa kwanza. Nikawaambia baba yangu alipofariki ni wewe uliyechimba kaburi. Ukavaa koti lake ukatembea kama yeye, ukagomba kama yeye kwamba chai ni ya baridi, mpaka Mama akacheka katikati ya kilio. Mmoja akauliza kama hilo halikuwa dharau kwa marehemu. Nikasema Mama alikuwa hajala kitu tangu Baba afariki, na siku ile alikula.

Suala la hati ya kusafiria wamelielewa upesi, maana nimepoteza vitambulisho viwili tangu tufike.

Kisha wakauliza ni lini basi unaponitisha. Nikatoa simu nikawaonyesha barua yako ya tarehe 22. Nikasema hii hapa. Hapa ndipo aliponitisha, aliponiita hodari. Abrahamu akaitafsiri yote, taratibu, na safari hii hakucheka.

Wamekusafisha, Mwalimu. Nimeambatisha uamuzi wao, na nakala imekwenda kwa viongozi wa riadha. Yule dada wa Kiswahili cha Unguja alinikumbatia akaomba radhi. Nimemsamehe. Alisikia msichana anatishiwa kuuzwa na hakunyamaza. Wangapi kwetu wanasikia hivyo kweli na wananyamaza?

Nilikuwa nimevaa nguo za mashindano ndani ya suti ya timu. Tulipotoka nilikimbia mpaka uwanjani, nikakuta vijana wanakusanya mikuki kwenye kitoroli. Nilikwenda chooni nikalia mpaka nikachoka. Kisha nikaenda kula wali.

Sitakudanganya kwamba haiumi. Inauma, na sijui kama nitapata nafasi nyingine. Lakini ingekuwa kesho ningefanya hivyohivyo. Sikukuuliza kwa sababu najua ungesema nitupe. Na usirudie kuniambia eti labda nilikuwa naumia moyoni. Hilo tu ndilo tusi lililoniuma katika miaka yote tisa.

Tunaondoka keshokutwa.

Winfrida


Masasi,
5 Agosti

Kwa Winfrida Nikolao, Makote,

Nasikia umefika nyumbani na umeshakabidhiwa mikorosho. Vizuri, mabega hayo yana kazi gani nyingine.

Kwanza sheria. Mtani akimkasirikia mtani wake anatozwa kuku. Jogoo mwekundu yumo ndani ya basi pamoja na barua hii. Mleni wewe na Mama Winfrida, na Mjomba Ladislaus mwachieni shingo.

La pili nitalisema mara moja tu, kwa hiyo kaa chini. Babu zangu waliwauza watu wa kwenu. Sijawahi kusikia popote kwamba Mmakonde alimkomboa Myao. Wewe umenikomboa, na ulicholipa nakijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikuwepo siku zote ulipokuwa unakikusanya. Kweli ungeniuliza ningekukataza. Ningekupigia kelele mpaka uende uwanjani, na leo ningekuwa nimekaa hapa, wewe una namba yako mbele ya jina, na wasichana wangu hawapo. Nakushukuru, mwanangu. Nilikudhania vibaya, nisamehe.

Leseni imebaki. Viongozi wa riadha wamenipigia wenyewe.

Jumapili niliwaita wazazi wa wasichana uwanjani. Nilikuwa nimewadanganya kwamba ni presha, nikaona niwaambie ukweli mwenyewe kabla hawajausikia barabarani. Nikasimama, nikasoma mashtaka yote, neno kwa neno. Nilipofika kwenye bei ya chumvi uwanja ukalipuka. Mzee Mujibu, Mmakonde mwenzako, alijishika tumbo mpaka wakamshikilia asianguke kwenye kiti. Alisema kosa ni lao Wazungu kuniamini kwamba naweza kuuza kitu, wakati hata maandazi ya mahafali yalinidodea. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli. Siku zote zile nilijifungia ndani bure, nikiwaogopa watu ambao walikuwa upande wangu.

Vicheko vilipopungua, akasimama Bi Yasmini, yule ambaye binti yake ndiye mdogo kuliko wote kundini. Akauliza, "Mwalimu, hayo tumeyasikia. Sasa tuambie, Winfrida wetu alitupa ukafika wapi?"

Nilikuwa sijawaambia kwamba hukutupa. Nikalia pale, mbele ya wazazi na wanafunzi wangu, mtu mzima na kofia yangu kichwani. Uwanja ulikuwa umejaa Wamakonde na Wamakua, watani watupu, Winfrida, na hakuna hata mmoja aliyenicheka.

Mwalimu wako,
Abdulatifu